Washairi wa India na Kiingereza Chao

Fasihi ya India iliyoandikwa kwa Kiingereza hufahamika zaidi kwa riwaya, hasa tangu Salman Rushdie alipotwaa Tuzo ya Booker mwaka 1981 na Arundhati Roy mwaka 1997. Lakini ni katika ushairi, ambao haukuwahi kuwa na wasomaji wengi wala fedha, ndimo lugha hiyo ya mkoloni ilimozoezwa kwa subira kubwa zaidi kukaa nyumba moja na lugha za mama.

Wachapishaji wakubwa hawakuona faida katika diwani, yaani vitabu vya mashairi, hivyo washairi wakajichapishia wenyewe. Huko Kolkata, P. Lal alianzisha Writers Workshop mwaka 1958, na vitabu vyake vikajalidiwa kwa mikono kwa kitambaa cha sari. Huko Mumbai, washairi wanne walianzisha ushirika wa Clearing House mwaka 1976, wakatoa Jejuri, diwani ya Arun Kolatkar, aliyetunga pia kwa Kimarathi na kupata riziki katika kazi ya matangazo ya biashara. Jejuri ni mji wa mahujaji karibu na Pune, penye hekalu la mungu Khandoba. Katika shairi moja fupi, mgeni anachungulia mlango ulio wazi akidhani ni hekalu jingine, kumbe ni zizi, na anayemkodolea macho mle ndani ni ndama. Maneno ni ya mazungumzo ya kawaida, na mshairi hamdhihaki mwenye imani wala hajisingizii imani asiyokuwa nayo. Uadilifu huo ndio unaoifanya diwani hii isomeke mpaka leo.

Agha Shahid Ali (1949–2001), aliyekulia Kashmir na kuhamia Marekani, alijitwika mzigo mzito zaidi: kuitunga ghazali kwa Kiingereza. Ghazali ni utungo wa mapenzi na majonzi uliotoka Uarabuni, ukapitia Uajemi na kustawi India kwa Kiurdu. Huenda kwa mishororo miwili miwili, kila jozi ikijitegemea kimaana, na mshororo wa pili wa kila jozi huishia kwa neno lile lile, likitanguliwa na kina. Ali hakukubali tungo zisizo na vina ziitwe ghazali, na mwaka 2000 alihariri mkusanyo wa ghazali za Kiingereza zinazofuata kanuni, jambo lisilohitaji kutetewa mbele ya msomaji aliyelelewa na vina na mizani. Atatambua pia desturi ya mtunzi kujitaja jina mwishoni, kama wafanyavyo malenga wa pwani katika beti za tamati. Katika ghazali yake mojawapo mashuhuri, neno linalorudiwa ni jina la lugha ya Kiarabu, na katika jozi ya mwisho Ali anafafanua maana mbili za jina lake Shahid, moja ya Kiajemi na nyingine ya Kiarabu. Hii ya pili Mswahili haitafutii mkalimani, kwa kuwa ndiyo maana ya neno shahidi.