Gari la Kale Lichemkapo: Dalili na Chanzo

Madereva husema gari "limechemka". Kauli hiyo yataja dalili, haitaji chanzo. Na fundi asiyezitenganisha hizo mbili huishia kubadilisha vipuri bila kuiponya injini. Maelezo haya yahusu injini zipozwazo kwa maji.

Mji wa Kamina, katika Haut-Lomami, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100. Hapo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo, nalo shinikizo hukipandisha kiwango hicho. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea chaweza kuchemsha maji ya injini isiyo na kasoro nyingine. Hicho ndicho cha kuchunguzwa kwanza, injini ikiwa imepoa. Kikifunguliwa ingali moto, mvuke humwunguza fundi.

Pili, hutazamwa wakati wa kuchemka. Joto likipanda gari lisimamapo na kushuka liendapo, shaka iangukie feni na mkanda wake. Likipanda katika mwendo wa kasi, yaelekea rejeta imezibwa na chokaa au kutu. Mpira wa juu ukibaki baridi ilhali injini ni moto, themostati haifunguki au maji hayazunguki. Mapovu yasiyokoma katika rejeta tangu injini iwashwapo, pamoja na moshi mweupe wa kudumu, huashiria gasketi ya kichwa cha silinda iliyoungua.

Kuongeza maji kila siku, basi, ni kuinyamazisha dalili tu. Chanzo hubaki, na mwishowe kichwa cha silinda hupinda.