Fischer alipokataa kumwiga Petrosian

Mchezaji wa sataranji mwenye kete nyeusi anaweza kuamua kumwiga mpinzani wake. Mweupe akisogeza askari wa ubavuni hadi c4, naye hujibu kwa c5. Huyu akitoa farasi, yule naye hutoa wake. Ubao huwa kama mtu anayejitazama kiooni. Mtindo huu ni tawi la ufunguzi uitwao wa Kiingereza.

Hata hivyo, usawa huo ni wa macho tu. Mweupe ndiye anayeanza, hivyo mwigaji daima yuko nyuma kwa hatua moja. Isitoshe, mfalme wake akishambuliwa hana budi kuacha kuiga ili amwokoe. Swali ni lini aachane na mwenzake, na kwa njia ipi.

Jibu mojawapo lilitolewa jijini Belgrade mwaka 1970, timu ya Muungano wa Kisovieti ilipopambana na wachezaji teule wa mataifa mengine. Kwenye meza ya pili, Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuwa amekaa muda mrefu bila kushiriki mashindano makubwa, alikutana na Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kati ya 1963 na 1969 na mlinzi asiyepenyeka kwa urahisi.

Katika mchezo wao wa pili Petrosian alishika kete nyeupe. Baada ya hatua nne, pande zote mbili zilifanana kabisa: askari, farasi na askofu wa pembeni. Petrosian akatoa farasi wa pili hadi f3. Fischer hakumwiga. Alisogeza askari hadi e6, kisha akampeleka farasi wake e7, asije akaziba njia ya askofu aliyekuwa g7. Hatua ya nane akasukuma askari hadi d5, akadai sehemu yake ya katikati ya ubao.

Baadaye Petrosian alimpeleka askari mmoja mbele hadi c5. Askari huyo aliachwa pekee, na kete za Fischer zikamwelekea. Mweusi akashinda.

Fischer alimaliza kwa pointi 3 dhidi ya 1. Ingawa meza nne za juu zote ziliwaendea wapinzani wao, Wasovieti walinyakua ushindi wa jumla, pointi 20.5 kwa 19.5. Mwaka uliofuata, Fischer alimshinda tena Petrosian huko Buenos Aires, akafungua njia ya kuwania taji la dunia, alilolitwaa mwaka 1972.