Pombe na mawazo yanayodanganya



Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba, tunasikia maneno yale yale: "Nakunywa ili nipate usingizi." "Nikitaka kuacha, naacha hata leo." "Mimi nimekwisha, nijisumbue kwa nini?" Wanaosema hivyo si waongo. Wanaamini wanachosema. Kwa hiyo leo tunaeleza namna pombe inavyoyatumia mawazo ya mtu ili imshike, na namna ya kujinasua bila kuhatarisha maisha.

Uraibu ni nini?

Uraibu ni hali ya kutawaliwa na kitu hata unashindwa kukiacha, ingawa unaona kinakudhuru. Shirika la Afya Duniani (WHO) linauhesabu uraibu wa pombe kuwa ugonjwa. Si laana, wala si kukosa malezi.

Mwanzoni pombe huufanya ubongo utoe kemikali iitwayo dopamini, na mtu anasikia raha. Akinywa kila siku, ubongo unazoea. Kikombe kimoja cha kasiksi hakitoshi tena. Anatafuta waragi au kanyanga. Mwishowe hanywi kwa raha, bali anakunywa ili mikono isitetemeke asubuhi.

Jiulize: Je, kiasi unachokunywa kinaongezeka? Je, umejaribu kupunguza ukashindwa? Je, pesa za chakula zinaishia kwenye pombe? Je, unakunywa asubuhi ili utulie? Ukijibu ndiyo kwa baadhi ya maswali haya, usingoje. Njoo tuzungumze.

Mawazo yanayodanganya ni yapi?

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, alieleza kwamba watu wenye huzuni kubwa huwa na mawazo yanayokuja yenyewe, haraka, nao huyaamini bila kuyapima. Mawazo hayo huwapata pia watu wenye uraibu. Haya ndiyo tunayoyasikia zaidi:

1. Yote au hakuna. "Nilikaa wiki mbili bila pombe, jana nikanywa kikombe kimoja. Basi, yote yameharibika, acha ninywe." Jibu: Siku kumi na nne hazikufutika. Anayejikwaa njiani hasemi safari imekwisha, anainuka.

2. Kujibandika jina. "Mimi ni mlevi tu." Jibu: Wewe ni mzazi, mkulima, fundi, jirani. Ugonjwa si jina lako.

3. Kusoma mioyo ya watu. "Nikienda kliniki wote watanicheka." Jibu: Nani alikuambia? Mhudumu wa afya anatakiwa kutunza siri yako.

4. Kupunguza uzito wa jambo. "Nakunywa kama wengine wote." Jibu: Usijipime na wale wa kilabuni tu. Hesabu siku ulizokunywa wiki hii na pesa zilizotoka.

5. Kutabiri mabaya. "Bila pombe sitalala, nitaona tena yale niliyoyaona vitani." Wazo hili ni zito, wala hatulidharau, maana wengi wetu tumekimbia mambo mabaya. Lakini ukweli ni huu: pombe inaleta usingizi upesi, kisha inaukata usiku wa manane, na ndoto mbaya zinarudi. Ndoto hizo zina msaada wake. Waeleze wahudumu wa afya ya akili.

Ufanye nini wazo likija?

Simama kidogo. Liseme kwa maneno, au uliandike. Kisha uliza: Ushahidi uko wapi? Kama rafiki yangu angesema hivi, ningemjibuje? Nikinywa sasa, kesho asubuhi itakuwaje?

Hamu kali ya pombe huja kama wimbi: inapanda, kisha inashuka. Mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa. Wakati huo kunywa maji, kula chochote kilichopo, nenda kwa mtu unayemwamini. Usipite njia ya kilabuni.

Angalizo kubwa: usiache ghafla peke yako

Kama unakunywa sana kila siku, kukata pombe mara moja bila msaada kunaweza kukuua. Pombe inaupooza ubongo, nao ubongo unajitahidi kushindana nayo. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango, mmoja kila upande. Wa upande mmoja akiondoka ghafla, mwenzake anaanguka mbele. Ndivyo ubongo unavyokwenda mbio pombe ikiondolewa.

Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi kwa kawaida huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, hupata homa na huona vitu visivyokuwepo. Familia nyingine hudhani mgonjwa amerogwa au ameingiwa na pepo, zikamfungia ndani. Tafadhali, msifanye hivyo. Mleteni kituo cha afya mara moja, hata usiku. Zipo dawa za kumtuliza, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Akipata degedege, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, na msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Kwa familia

Mama, baba, dada, kaka: kumtukana mgonjwa kunampa wazo jingine la kumrudisha kwenye kikombe. Zungumza naye asubuhi kabla hajalewa. Mwambie unachokiona: "Jana watoto walilala njaa." Usiseme, "Wewe hufai." Lakini kama anakupiga, usivumilie kwa kuwa ni mgonjwa. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza, kisha utoe taarifa.

Wazee wetu na vijana wenzangu, kabla ya kuamua kuacha peke yako, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako au njoo kituo cha afya. Useme tu: "Nataka kupumzika na pombe." Maneno hayo yanatosha kuanzia.