Kijana Aliyeonja Dini Nyingi

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi makanisani mwetu. Kijana amelelewa katika Shule ya Jumapili, nyimbo anazijua, mistari ya Biblia anaikariri. Kisha anakwenda mjini kusoma au kufanya kazi, na baada ya muda twasikia ati siku hizi anasali na kikundi fulani kinachokutana chumbani kwa mtu. Miezi michache baadaye amekiacha, sasa anasoma mambo ya nyota. Halafu ni mwalimu wa kutafakari, anayefundisha watu kufumba macho na kufuata pumzi zao. Akiulizwa, hujibu kwa upole, "Ninaonja tu, Mama. Nikishaonja zote nitajua iliyo ya kweli."

Jibu hilo si la kipumbavu. Mtume Paulo mwenyewe aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote (1 Thes. 5:21). Lakini mpishi huonja mchuzi kwa tone moja kiganjani, naye akijua chumvi imekolea, mchuzi haumdai kitu. Dini haionjwi hivyo. Anayetaka kuijua kwa ndani yambidi aingie, na aingiaye hutoa kitu chake, na mara nyingi hutoa na kitu cha mwenzake.

Yuko Mwafrika mmoja wa zamani aliyeonja kwelikweli, kisha akaandika yote bila kujificha. Huyo ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Alipofika miaka kumi na saba hivi alikwenda kusoma Carthage, mji mkubwa wa pwani. Huko, akiwa na miaka kumi na tisa, alisoma kitabu cha Cicero kilichomwashia hamu ya kutafuta hekima. Akaifungua Biblia, akaona lugha yake ni ya kishamba kando ya ile ya Cicero, akaifunga.

Hapo ndipo watu wa Mani walipompata. Mani alizaliwa mwaka 216 katika nchi ya Babeli, akajiita mtume wa Yesu Kristo, na mwisho akafia gerezani katika ufalme wa Uajemi. Alifundisha kwamba tangu mwanzo ziko enzi mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba vipande vya nuru vimenaswa ndani ya mimea na miili vikingoja kufunguliwa. Watu wake hawakumjia Augustino kama wageni. Jina la Yesu lilikuwa midomoni mwao kila mara, na jina la Roho Mtakatifu pia. Wakamwambia kwamba Kanisa humlazimisha mtu aamini kwanza, bali wao humwonyesha kwa akili, ndipo aamini akipenda. Kijana gani msomi angekataa mwaliko kama huo?

Kundi hilo lilikuwa na daraja mbili. Wa juu waliitwa Wateule, na wa chini waliitwa Wasikilizaji. Wateule hawakula nyama, hawakunywa mvinyo, hawakuoa, wala hawakuthubutu kuchuma tunda, maana waliamini kuchuma ni kuiumiza nuru. Basi Wasikilizaji ndio waliochuma na kuwapelekea, na Mteule alipokula, ilisemekana nuru ilifunguliwa kwa kupita tumboni mwake. Augustino alikuwa Msikilizaji kwa miaka tisa. Aeleza kwamba alisadiki mtini hulia tini yake inapochumwa. Alisadiki pia kwamba ni vibaya kumpa chakula hicho mwenye njaa asiye wa kundi lao.

Ndugu, tutue hapa kidogo. Mtu huyu alikuwa hodari kuliko wenzake shuleni, akawa mwalimu wa ufasaha wa kunena, na bado alifikishwa mahali pa kuuhurumia mti kuliko mtu mwenye njaa. Tusiseme basi kwamba wanaonaswa ni wale tu wasiosoma. Nasi Wakenya tumekwisha kuyaona ya kwetu. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, hata ikazidi 400. Wengi wa watu hao walikufa kwa njaa, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Hawakuanzia msituni. Wengi walianza kwa kusikiliza mahubiri tu, na sisi tunaonena redioni hatuwezi kulitaja hilo bila hofu.

Turudi Carthage. Jambo lililomtoa Augustino halikuwa hotuba ya mchungaji, bali swali. Alikuwa amesoma vitabu vya wataalamu wa nyota na mwendo wake, akaona kwamba watu hao huweza kutaja siku na saa ya kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, na ikawa vivyo hivyo. Vitabu vya Mani navyo vilisema mengi juu ya jua na mwezi, lakini havikupatana na hesabu hizo. Akauliza. Akaambiwa, ngoja, yuaja mwalimu wetu mkubwa, Faustus, yeye atakueleza. Akangoja kwa miaka.

Faustus alifika Augustino akiwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa mtu wa kupendeza, mwenye maneno matamu. Lakini kijana alipopata nafasi ya kumwuliza ana kwa ana, Faustus alikiri kwamba mambo hayo hayajui. Augustino alimheshimu kwa ukweli wake, nasi twamheshimu pia, kwa maana wako viongozi wa makundi wasioweza kusema neno hilo hata siku moja. Ila tangu siku ile moto wake wa kumfuata Mani ulizimika. Mzazi mwenzetu, mtoto wako akijiunga na kikundi, mwulize hili kabla ya kumgombeza: swali lako hupelekwa wapi? Likiwa kila mara lasukumwa mbele, kwa mwalimu mkubwa zaidi, somo la ndani zaidi, mfungo mrefu zaidi, basi amelikuta lile la Faustus.

Lakini hakutoka mara moja. Alipohamia Roma mwaka 383 alikaa nyumbani kwa mmoja wa watu wa Mani, na hao hao walimsaidia kupata kazi ya ualimu kule Milan. Imani ilikwisha, lakini nyumba na kazi na urafiki vilimshika.

Tena alikuwa na la pili. Miaka hiyo yote aliwaendea wapiga ramli wa nyota, ingawa mganga mmoja mzee, mtu wa busara, alimshauri avitupe vitabu vyao. Kilichomfungua mwisho ni habari aliyopewa na rafiki: watoto wawili walizaliwa saa ileile, mmoja wa tajiri na mwingine wa mtumwa wa kike. Nyota zao zilikuwa moja. Wa kwanza akakua katika heshima na mali, wa pili akabaki mtumwa.

Na Monika je? Mwanawe aliporudi Thagaste na mafundisho yale, alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto iliyompa matumaini, akamfungulia mlango na wakala pamoja. Hilo tunaliona kuwa jambo kubwa kuliko wengi wanavyolihesabu. Akamwendea askofu mmoja amwombe ajadiliane na mwanawe. Askofu huyo mwenyewe alikabidhiwa kwa watu wa Mani alipokuwa mdogo, akavinakili vitabu vyao kwa mkono wake, na kwa kuvisoma ndipo alipoona ubatili wake. Alikataa. Alisema kijana bado amejaa majivuno ya mambo mapya, mwache huko, wewe umwombee tu. Monika akazidi kulia na kusihi, hata mzee akachoka, akamjibu kwamba mtoto anayeliliwa hivyo hawezi kupotea.

Hatudhani jibu hilo lafaa kila nyumba. Mtoto akikatazwa kula, au kwenda hospitali, au kuonana na ndugu zake, hapo si wakati wa kungoja. Mwendee, na serikali ipewe habari. Lakini kwa wengi walio katika kuonja, mabishano huwafunga zaidi, na askofu yule alilijua hilo kwa kuwa alipita njia ileile.

Kule Milan, Augustino alimsikiliza Askofu Ambrose, kwanza kwa ajili ya ufasaha wake tu. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka thelathini na miwili. Mama yake aliiona siku hiyo, akafariki mwaka uleule.

Wahubiri wengi huishia hapo. Sisi hatuwezi, kwa sababu Augustino hakuonja peke yake. Kule Thagaste alikuwa na rafiki wa tangu utoto, ambaye yeye ndiye aliyemtoa katika imani. Rafiki akashikwa na homa kali, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipopata nafuu, Augustino akaufanyia mzaha ubatizo ule akidhani watacheka pamoja. Rafiki akamkemea vikali. Siku chache baadaye homa ilirudi, akafa, na Augustino hakuwapo.

Alikuwako mwingine, Honoratus, ambaye naye alivutwa na Augustino mwenyewe kwenda kwa watu wa Mani, akabaki huko mwenzake alipotoka. Augustino aliwekwa kuwa kasisi wa Hippo mwaka 391, na katika siku za mwanzo za kazi hiyo alimwandikia rafiki huyo kitabu kizima. Hakumtukana. Alimkumbusha ile ahadi iliyowanasa wote wawili, ya kutoamini neno lisiloonyeshwa kwanza, kisha akamwuliza: ni mtoto gani aliyemjua baba yake kwa kuonyeshwa? Wote tumemjua kwa neno la mama, tukaamini, tukampenda. Miaka michache baadaye, akiandika kuwajibu watu wa Mani, alisema wawe wakali kwao wale wasiojua taabu ya kuipata kweli. Yeye hakuweza.

Sasa, kabla ya wimbo, tunyamaze kidogo. Kila mmoja amtaje kimoyomoyo, kwa jina, yule aliyetoka nyumbani kwake. Na kama yuko uliyemwonyesha njia ya kutoka, mtaje huyo kwanza.