Nani Huamua Barabara Ipi ni Kuu?

OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na ambayo data zake huruhusiwa kutumiwa na yeyote bila malipo, ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, na madaraja yake ya barabara yakafuata mfumo wa nchi hiyo, ambako barabara ya hadhi ya juu huwa na lami. Mfumo huo ulipoletwa Afrika ulizaa ubishi ambao mkazi wa Bangwe, mjini Kigoma, aliyewahi kusafiri kutoka huko hadi Nyakanazi kupitia Kasulu na Kibondo atautambua mara moja, yaani iwapo barabara iliyokaa miongo mingi ikiwa ya vumbi, lakini ndiyo inayouunganisha mkoa wake na Kagera, ichorwe kama barabara kuu au kama njia ndogo. Mwongozo uliokubaliwa na wachangiaji wa Afrika ulishika umuhimu wa barabara kuwa ndio kipimo, na hali ya uso wake ikawekewa lebo yake, yaani maelezo mafupi yanayoambatanishwa na kila kitu kilichochorwa.

Uamuzi wa namna hii haukutoka kwa mkubwa yeyote. Pendekezo la lebo mpya hujadiliwa kwa wiki mbili au zaidi, kisha hupigiwa kura, lakini hata likipita halimlazimishi mchoraji kulitumia, tofauti kabisa na Debian, mradi wa programu huria wenye katiba iliyoandikwa, ambao kamati yake ya kiufundi mwaka 2014 iligawanyika nusu kwa nusu kuhusu mfumo wa kuwashia kompyuta uitwao systemd, hata mwenyekiti akalazimika kutumia kura yake ya uamuzi. Kwenye ramani, kinachotangulia kura ni kile ambacho mtu aliyesimama mahali penyewe anaweza kukithibitisha, na wachoraji wawili wakizidi kufutiana kazi, kikosi maalumu cha data huingilia kati na kinaweza kuwasimamisha.

Kanuni hiyo ni ya haki kuliko kura, kwa kuwa humpa mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, uzito ule ule alionao mtaalamu wa Ulaya, ingawa haki hiyo hupungua sana pale mjadala unapoendeshwa kwa Kiingereza na kuhitaji muda na bando. Mfano wa uzito huo wa mvuvi ni huu: maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kufunika fukwe kutoka Bujumbura hadi Kigoma, picha ya setilaiti ilionyesha tu mahali maji yalipokuwa siku ilipopigwa, wakati mchoraji alipaswa kujua ni ukingo upi wa kudumu na upi wa msimu, jambo ambalo wakazi wa mwambao, waliokwisha kuyaona maji yakipanda na kushuka, ndio wenye ushahidi wake.