Damu ya Mgonjwa wa Kiharusi Yatueleza Nini?

Kiharusi humshika mtu ghafla: mdomo hupinda, mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, na maneno humkwama. Wako wadhanio kuwa huo ni upepo mbaya, kumbe ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka.

Wala si maradhi ya ugenini. Utafiti uliofanywa Tanzania tangu 2003 hata 2006, ukatangazwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kila mwaka, katika watu 100,000, kiharusi kiliwashika kiasi cha 109 wilayani Hai na 316 mjini Dar es Salaam, baada ya kusawazisha hesabu ya umri.

Mgonjwa akiisha kulazwa, jamaa huuliza: Je, atainuka? Wataalamu wanalitafuta jibu katika damu. Nyuzi za fahamu zinapoumia huachilia protini iitwayo nyurofilamenti. Ikizidi sana katika damu, jeraha huwa kubwa, na mara nyingi kupona huwa kuzito. Kopeptini nayo hupanda mwili unapotaabika. Hata sukari ikiwa juu siku ya kwanza, si dalili njema.

Sukari hupimwa kwa tone moja la damu. Vipimo vile viwili vingali zaidi mikononi mwa watafiti. Tena vyote husema habari za wengi, havimhukumu mmoja. Miongoni mwa wenye kipimo kibaya wako waliosimama tena. Ajuaye ya ghaibu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Basi haifai karatasi ya maabara iwe sababu ya kumtupa mzee wetu kitandani. Tumgeuze, tumnyooshe viungo, tumzungumzishe, wala tusimlishe kabla ya kujua kwamba aweza kumeza.

Twawafikiria hasa wenzetu wa Rungwa, mkoani Singida, ambao safari yao ya hospitali ni njia ndefu ya porini kwenda Itigi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Kwa hiyo mgonjwa asicheleweshwe kwa mganga hata kidogo.

Na kipimo kilicho bora kwao ni kile kitanguliacho maradhi: shinikizo la damu. Enyi vijana, wapelekeni wazazi wenu wakapimwe wangali wakitembea kwa miguu yao.