Skrini haijafa, umebisha mlango usio wake

Ilikuwa Ijumaa saa tano usiku. Nilikuwa nimeketi kejani nikitazama skrini ndogo inayowaka buluu tupu, bila herufi hata moja. Kesho yake asubuhi, mama mmoja mfugaji wa kuku alikuwa anakuja kuchukua inkubeta niliyomtengenezea. Alikuwa ametanguliza nusu ya malipo, na hiyo nusu ilikuwa tayari imeenda kwa landilodi.

Inkubeta yenyewe ilikuwa poa: boksi la mbao, balbu za kupasha joto, feni, kipimajoto na bodi ya Arduino Uno ya kuamua balbu ziwake lini. Skrini ndiyo ingemwonyesha mama kama mayai yake 60 yako kwenye nyuzi 37.5. Bila skrini, angekuwa anafungua mlango kila saa kuchungulia, na ukifungua, joto linatoroka. Yaani skrini ikikataa, kazi yote imekataa.

Nilikuwa nimefanya kile wengi wetu hufanya: kulaumu skrini. Mchana huo nilipanda matatu hadi Luthuli Avenue nikanunua nyingine ya aina ile ile, 16x2, yaani mistari miwili ya herufi 16. Nikaichomeka. Buluu tupu tena! Manze, skrini mbili haziwezi kufa siku moja. Hapo anayefaa kukaguliwa ni fundi.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, na kuna maneno ambayo hunifuata kila nikikwama: “Ungemaliza, ungejua.” Usiku huo niliyaamini kwa kama dakika kumi hivi. Kisha nikaanza kukagua kitu kimoja baada ya kingine, kutoka kwa stima hadi programu. Ukikwama, fuata mpangilio huu huu.

Kwanza, stima. Taa ya nyuma ikiwaka, basi VCC na GND ziko sawa. Isipowaka, hakikisha VCC imeenda kwenye 5V wala si 3.3V. Angalia pia kile kifuniko kidogo cheusi kinachounganisha pini mbili kando ya ubao wa nyuma. Kikitoka, taa inazima.

Pili, skrubu. Nyuma ya skrini kuna kiboksi cha buluu chenye skrubu ndogo. Hiyo ndiyo hufanya herufi zikolee au zififie. Izungushe polepole kwa bisibisi. Wasee wengi wametupa skrini ambazo zilikuwa zinaandika vizuri tu, ila maandishi yalikuwa yamefifia. Nilipozungusha yangu, vikatokea viboksi 16 kwenye mstari wa juu. Usivichukie viboksi hivyo. Vinakwambia skrini ina stima na iko hai, ila haijapokea maagizo.

Tatu, nyaya. Kwenye Uno, SDA huenda A4 na SCL huenda A5. Kwenye Mega ni pini 20 na 21. Ukizigeuza kimakosa hutachoma kitu, lakini skrini haitasikia lolote. Nyaya za bei rahisi pia hukatikia ndani huku nje ziking'aa, kwa hivyo jaribu zingine. Na kama pini umezipachika tu bila kulehemu, usitafute mchawi, ni wewe.

Nne, anwani. Hapa ndipo nilikuwa nimeanguka. Skrini hizi huongea na bodi kwa njia inayoitwa I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Vifaa vingi hutumia nyaya mbili zile zile, kila kimoja na anwani yake. Ni kama ploti yenye lango moja na nyumba kibao. Mtu wa boda akileta chakula chako na kubisha nyumba ya jirani aliyesafiri, hakuna atakayejibu, na wewe utalala njaa.

Sasa, ubao mdogo ulio nyuma ya skrini ukiwa na chipu ya PCF8574, anwani yake kwa kawaida ni 0x27. Ukiwa na PCF8574A, kwa kawaida ni 0x3F. Tofauti ni herufi moja tu kwenye chipu. Mifano mingi mtandaoni huandika 0x27, nami nilikuwa nimenakili hivyo hivyo. Skrini zangu zote mbili zilikuwa na ile A.

Kuna programu fupi inayoitwa skana ya I2C, ambayo hubisha kila mlango na kukuambia nani amejibu. Isipopata yeyote, rudi kwa nyaya. Yangu ilileta 0x3F. Nikabadilisha mstari mmoja:

LiquidCrystal_I2C lcd(0x3F, 16, 2);

“Joto: 37.5” ikatokea. Ilikuwa saa saba usiku. Nilipiga nduru hadi jirani akagonga ukuta.

Mama alichukua mashine, tukakubaliana angelipa nusu iliyobaki vifaranga wakitoka. Siku ya 12 akanipigia simu.

“Kijana wangu, mashine yako inasema zimebaki siku 90. Kwani haya ni mayai ya mbuni?”

Moyo ulishtuka, kisha nikacheka. Skrini ya aina hii haijifuti yenyewe. Nilikuwa nimeweka hesabu ya kurudi nyuma kutoka 21. Ilipofika 10 ikaenda 9, ile 9 iliandikwa juu ya 1, na sifuri ikabaki pale pale. Nikamwambia, “Mama, usiguse kitu, nakuja.” Nikaenda na laptopu, nikaongeza nafasi tupu moja baada ya nambari, nikaweka hesabu iendelee kutoka 9.

Siku tisa baadaye M-Pesa ikaingia, pamoja na picha ya vifaranga.

Ile skrini ya pili ningali nayo. Haikuwa na shida yoyote. Nimeiandika 0x3F mgongoni kwa kalamu nzito, na sasa kila skrini ninayonunua huipitisha kwa skana na kuiandika anwani yake kabla sijaitumia.